Mazao funika kwenye shamba la mboga: yanalipa kweli au ni kupoteza msimu?

NusuEka

Habari zenu wadau wa kilimo. Naomba mawazo maana hapa nimekwama. Nina shamba la nusu eka, nalima nyanya, alafu kabichi, alafu narudi nyanya tena, na bilinganya matuta machache pembeni. Mbolea naweka na msimu uliopita niliongeza kabisa lakini mavuno yanashuka tu. Ukimwagilia, maji yanatuama juu hayataki kuzama, yakishakauka linabaki gamba gumu lenye nyufa. Nyanya zinaanza na nguvu zake vizuri ila zikishaanza kubeba majani ya chini yanageuka njano na mchana zinanyauka hata kama asubuhi nimemwagilia. Nilipozing'oa baada ya kuvuna mizizi ilikuwa imejaa vinundu vinundu, nikasema basi angalau naitrojeni ipo, tatizo litakuwa kitu kingine.

Sasa nasikia watu wanapanda kunde au mukuna shamba likiwa limepumzika, wanafyeka, wanaacha palepale, ndo wanapanda mboga, wanaita mazao funika. Kati ya msimu na msimu shamba langu linakaa tupu kama miezi miwili na nusu hivi, maji ninayo ila si ya kumwaga hovyo. Je hiyo kitu inafanya kazi kwenye mboga au ni ya mahindi tu? Na nipande nini, nifyeke lini? Naogopa kupoteza muda alafu nibaki na msitu shambani.

JembeLaMkono

Panda kunde dada. Zinaota haraka, mbegu inapatikana kila mahali, mwezi na nusu tayari zimefunika ardhi. Zikianza kutoa maua fyeka, achia wiki mbili, panda nyanya zako. Kazi imeisha.

MzeeSamadi

Mimi naona mnampotezea huyu binti muda. Nusu eka si shamba la kuchezea majaribio, hilo ni eneo la samadi. Samadi iliyoiva vizuri inampa naitrojeni, fosforasi, potasiamu na inalainisha udongo, vyote kwa mkupuo mmoja, tena bila kungoja maua ya kitu chochote. Hayo mazao funika ni ya wenye eka mia wasioweza kubeba samadi kwa toroli. Alafu mnasahau kwamba na lenyewe linakunywa maji, ardhi iliyopumzika ingekuwa imetunza unyevu, wewe unapanda kitu cha kuunyonya.

MiziziKwanza

Jamani ngojeni kwanza, msimkimbize huyu dada kwenye kunde. Rudieni alichoandika kuhusu mizizi. Nyanya si jamii ya mikunde, haina mkataba wowote na wale bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mikunde na kuvuta naitrojeni ya hewani, kwa hiyo mzizi wa nyanya ukiuona umejaa vinundu hiyo karibu kila mara ni minyoo fundo, vile viminyoo vidogo sana vya udongoni vinavyoingia kwenye mizizi na kuivimbisha. Na dalili nyingine zote zinaenda hukohuko, mmea unanyauka mchana wakati udongo una maji kwa sababu mizizi imeharibika haiwezi kupandisha maji ya kutosha, na unachoka hasa wakati wa kubeba maana ndo mahitaji yanapopanda.

Kutofautisha ni rahisi. Ng'oa mkunde wowote taratibu ukiwa na udongo wake, uoshe. Kinundu cha naitrojeni kimekaa ubavuni mwa mzizi, ukikisugua na kidole kinabanduka, ukikipasua kwa kucha ndani kina rangi ya waridi au nyekundu kama kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijivu ndani hapo hakuna naitrojeni inayotengenezwa. Sasa uvimbe wa minyoo fundo haubanduki, ni mzizi wenyewe ndo umevimba, ukilazimisha unakatika na mzizi.

Kwa nini hili ni muhimu? Kwa sababu kunde nyingi zinabeba minyoo fundo vizuri tu. Ziko aina zenye ukinzani lakini kama hujui mbegu yako ni ipi basi unaweza ukajikuta umeilisha minyoo miezi miwili na kuikabidhi nyanya ikiwa mingi kuliko ulivyoanza. Jike mmoja anataga mayai mamia, na udongo ukiwa na joto kizazi kimoja kinakamilika ndani ya mwezi hivi, piga hesabu. Fiwi nazo sizipendi kwenye hali hii.

Kwa shamba lako mimi ningepanda marejea. Sababu kubwa ni kwamba minyoo fundo ikiingia kwenye mizizi ya marejea haikui vizuri na haizaani kama kwenye nyanya, kwa hiyo idadi inashuka. Na ni mkunde kwa hiyo naitrojeni unapata, na inakua kwa fujo, mikunde michache sana inaiweza kwa mwendo. Marejea ya aina inayoitwa sanihempu ikipata joto na unyevu inaweza kufikisha tani 5 na zaidi za majani makavu kwa hekta ndani ya siku 60 mpaka 90. Muda wako wa miezi miwili na nusu unaenea. Mukuna ni mmea mzuri sana, tena na wenyewe unapunguza minyoo fundo, lakini unataka miezi minne au zaidi ndo uone uzito wake, wewe huna huo muda.

Masharti mawili. Ipande ikiwa imebanana na palilia mwanzoni, maana magugu mengi ni nyumba ya minyoo, ukiwa na marejea hapa na magugu pale hujafanya kitu. La pili, usitegemee kwamba minyoo imekwisha. Imepungua. Ukipanda nyanya misimu miwili mfululizo itarudi palepale.

Mwanagenzi_22

Nafuatilia hapa. Mimi udongo wangu nao una gamba hilohilo.

NusuEka

Aisee MiziziKwanza nashukuru sana, hilo la vinundu sikulijua. Ila je bilinganya na kabichi? Na gamba la juu marejea italiondoa? Maana mzee hapo juu anasema samadi inatosha.

MiziziKwanza

Bilinganya ni ndugu wa nyanya, minyoo ileile. Kabichi nayo inashambuliwa ila huwa haiteseki sana. Kwa hiyo mzunguko wako wa nyanya, kabichi, nyanya haukuwahi kuipa minyoo likizo. Ukipata mbegu ya nyanya yenye ukinzani, kwenye pakiti huwa wanaweka herufi N mwishoni pale penye VFN (N ni ya nematodi, yaani minyoo), itumie pamoja na marejea. Ila ujue ukinzani huo unalegea joto la udongo likizidi kama nyuzi 28, ndo maana matandazo yana maana, yanapoza udongo.

Kuhusu gamba. Gamba linatengenezwa na matone. Tone la mvua au la mashine ya kumwagilia likipiga udongo ulio wazi linavunja vile vibonge vidogo, chembe laini zinaziba matundu, zikikauka unapata sakafu. Kwa hiyo kinachokomesha gamba haraka ni kitu cha kupokea lile tone, majani yaliyo hai kwanza kisha yaliyofyekwa, hilo utaliona msimu wa kwanzakwanza. Udongo wenyewe kubadilika, vibonge kuwa imara visimeng'enyuke kwenye maji, hiyo ni kazi ya mizizi na kuvu na ute wao, inachukua miaka, asikudanganye mtu.

Fanya hivi ujionee. Chukua kibonge kikavu ukubwa wa yai kutoka shambani, na kingine kutoka kwenye ukingo wenye nyasi za siku nyingi ambako halijapita jembe. Vitumbukize taratibu kwenye glasi mbili za maji. Cha shambani nadhani kitayeyuka ndani ya dakika chache maji yawe tope, cha kwenye nyasi kitakaa.

Ndo maana watu wanachanganya mkunde na nyasi. Nyasi zina mizizi mingi myembamba inayoshika udongo kuliko mkunde. Ukiweka mtama kidogo ndani ya marejea, mfano robo ya mbegu, unapata vyote viwili.

JembeLaMkono

Sawa nimekuelewa la minyoo, kwa asiye na minyoo kunde bado ni chaguo namba moja mimi siondoki hapo 😀 Ila huo mtama angalia usimletee mtu njaa ya naitrojeni, nimeona mashamba ya watu miche inageuka njano wiki mbili baada ya kupandikiza.

Fundi_wa_Matuta

Hapo JembeLaMkono amegusa penyewe, na ndo sehemu watu wengi wanaharibu kuliko hata kuchagua mmea. Ngoja nieleze kwa kirefu kidogo.

Vijidudu vinavyoozesha majani vinahitaji kaboni na naitrojeni kwa uwiano, kwenye 24 kwa 1 hivi vinashiba. Mkunde mchanga uko 10 mpaka 20 kwa 1, vinakula na naitrojeni inabaki kwa ajili ya mboga. Mtama uliokomaa wenye shina gumu unaweza kufika 60 au 80 kwa 1, hapo vijidudu vinakopa naitrojeni ya udongoni ili vimalizie hiyo kaboni, na mche wako unasubiri deni lilipwe. Na hata marejea yenyewe ukiiacha ikakomaa shina linakuwa ngumu lenye nyuzi, si bure wanasokota kamba kwa sanihempu, haiozi upesi na panga litakutoa jasho.

Kwa hiyo wakati wa kufyeka ni pale maua yanaanza mpaka nusu ya mimea ikiwa na maua. Usingoje maganda yajae. Mbegu zikianza kujaa naitrojeni inahama kutoka kwenye majani kwenda kwenye mbegu, na ukivuna mbegu umeondoka nayo. Kwa hiyo anayesema nitapanda kunde nivune kwanza alafu mabaki yawe mbolea, huyo amevuna kunde, mbolea iliyobaki ni kidogo sana. Hakuna ubaya lakini asihesabu mara mbili. Huo mtama nao ufyekwe ukiwa bado laini, haujatoa suke.

Sasa unapata kiasi gani? Usibahatishe. Pima mraba wa mita 1 kwa mita 1 pale ambapo pana hali ya wastani, siyo pale palipostawi kuliko pengine pote, fyeka usawa wa udongo, weka kwenye mzani. Tuseme umepata kilo 2 mbichi. Mkunde laini kama sehemu moja ya tano ndo uzito mkavu, kwa hiyo gramu 400. Naitrojeni kwenye mkavu chukua asilimia 3, ni gramu 12. Msimu wa kwanza usitegemee zaidi ya nusu yake kufika kwa mboga, gramu 6 kwa kila mita ya mraba. Eka moja ina mita za mraba 4,047, inakuja kilo 24 hivi za naitrojeni, na mbolea ya yurea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo ni sawa na mfuko mmoja wa yurea wa kilo 50 kwa eka na kidogo juu. Wewe wa nusu eka ni nusu mfuko. Ni makadirio lakini yanakuzuia usimwage mbolea yote kama zamani, na yanakuzuia pia kudhani sasa huhitaji mbolea kabisa. Fosforasi hiyo haitengenezwi na mmea wowote, ni ile iliyopo udongoni inazungushwa tu.

Baada ya kufyeka, kaa wiki mbili mpaka tatu ndo upandikize. Majani mabichi yakiwa yanaoza vimelea vya kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche michanga, vinashamiri na kuna nzi wanaovutiwa kutaga pale, funza wao wanakula mbegu zinazoota. Mche mkubwa unavumilia, mbegu ndogo hazivumilii. Karoti, mchicha, vitu vya kumwaga mbegu moja kwa moja, hivyo usipande juu ya mabaki mazito, vinakufa chini kwa chini.

MzeeSamadi

Haya bwana, hesabu nimeipenda. Lakini swali langu la maji hamjalijibu.

Fundi_wa_Matuta

Kweli mzee wangu. Ni kweli linakunywa. Kama maji yako ni ya kubahatisha, fyeka mapema, hata kabla ya maua, wiki tatu nne kabla ya kupandikiza ili udongo ujaze unyevu upya. Unapoteza uzito kidogo unaokoa maji. Kwa upande wa pili ardhi iliyo wazi nayo haitunzi maji kama unavyodhani, jua linayachukua na magugu yanayachukua, ardhi haijawahi kukaa tupu, usipoipanda wewe itajipanda yenyewe. Na matandazo yakishalala juu, kwenye msimu wa nyanya yanarudisha sehemu ya kile kilichonywewa maana uvukizi unapungua. Ila sehemu kavu sana isiyo na umwagiliaji mimi nakubaliana na wewe, pale samadi na matandazo ya kuletwa ni salama zaidi.

Na sijasema asiweke samadi. Aweke. Samadi ina fosforasi ambayo marejea haina uwezo wa kuileta. Kisichowezekana kwa samadi ni kuwa na mizizi na kuzuia tone la mvua wakati shamba limepumzika, wala haipunguzi minyoo kwa namna ile ya marejea.

NusuEka

Mnanifungua macho. Sasa nikishafyeka nifukie au niache juu? Na mbuzi wa jirani wanaingia ingia, wakila shida?

MiziziKwanza

Mbuzi wazuie. Jamii ya marejea ziko aina zenye sumu ya kuharibu ini la mifugo, hasa mbegu zake, usilishe kama huna uhakika ni aina gani. Na mtama mchanga chini ya nusu mita nao una sayanidi. Hii ni chakula cha udongo.

Kufukia au kuacha juu inategemea unataka nini. Ukifukia inaoza haraka, naitrojeni inatoka haraka, ila udongo unabaki wazi na gamba linarudi. Ukiacha juu inatoka polepole, lakini unapata kifuniko. Wewe mwenye gamba na jua, acha juu. Fyeka usawa wa ardhi, mizizi usiing'oe iache iozee mlemle, matundu yake ndo njia za maji. Laza majani juu ya tuta, siku ya kupandikiza unapenyeza mkono unatengeneza shimo la mche tu.

Kuna kazi moja ya watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani kule Beltsville, Maryland, miaka ya 1990. Walipanda nyanya ndani ya matandazo ya mkunde unaoitwa vechi waliokuwa wameufyeka palepale shambani, wakalinganisha na plastiki nyeusi. Nyanya za kwenye vechi zilichelewa kidogo kuanza kutoa maana udongo ulikuwa wa baridi zaidi, lakini majani yalibaki ya kijani kwa muda mrefu na mavuno ya jumla yakapita ya plastiki. Vechi ni ya sehemu za baridi, si lazima wewe uitafute, ila kule kuchelewa kuzeeka kwa majani ndo kitu unachokililia wewe.

MzeeSamadi

Na sota? Mbona hamsemi sota na konokono wanavyopenda kujificha kwenye hayo majani, usiku mmoja wanakata miche shingo unaamka shamba ni vijiti.

MiziziKwanza

😂 Mzee hataki tupumzike. Ni kweli kabisa. Sogeza majani kiganja kimoja mbali na shina la mche, na kagua usiku na tochi wiki ya kwanza. Zile wiki mbili tatu za kusubiri zinasaidia pia, majani mabichi yakiwa yamenyauka na kulala wanapungua.

Mwanagenzi_22

Samahani kudandia, kabla ya kabichi je nikipanda haradali? Nasikia inafukiza wadudu wa udongoni.

Fundi_wa_Matuta

Haradali na kabichi ni familia moja ndugu yangu. Ni kweli ikisagwa ikiwa mbichi na kufukiwa hapohapo inatoa kemikali kali zinazoua baadhi ya vimelea, lakini lazima uisage kabisa, ufukie ndani ya dakika chache na umwagilie ili ile hewa isitoroke, kwa jembe na panga ni ngumu kupata matokeo ya maana. Na inabeba magonjwa yaleyale ya kabichi. Kabla ya kabichi weka mkunde, kabichi inapenda naitrojeni kuliko hata nyanya. Haradali kama unaitaka iende kabla ya nyanya.

NusuEka

Sawa. Basi nitapanda marejea na mtama kidogo shamba lote mara tu nikishang'oa mabaki ya nyanya, nifyeke kwenye wiki ya nane hivi, niache wiki tatu, alafu kabichi kwanza na nyanya msimu unaofuata. Mabaki ya nyanya yenye ile mizizi nayatoa nje. Nimekosea wapi?

Fundi_wa_Matuta

Usipande shamba lote. Acha tuta moja katikati bila marejea, lipe samadi na maji sawasawa na mengine, msimu ukiisha ng'oa miche michache kila upande, linganisha mizizi na upime mavuno. Vinginevyo mwakani utakuwa hujui kama ni marejea au ni mvua.

NusuEka

Nimeipata hiyo. La mwisho jamani, mbegu ya marejea inapandwaje, ile bakteria ya kuchanganya na mbegu ni lazima?

JembeLaMkono

Bakteria wanaotumiwa na kunde, karanga na mbaazi ndo haohao marejea inawatumia, kwa hiyo kama shamba limewahi kuwa na mojawapo huenda wapo tayari. Kama halijawahi, tafuta ile ya kundi la kunde, ya maharage au soya haitafanya kazi. Changanya kivulini, panda siku hiyohiyo. Mbegu mwaga kwa mkono, kwa sanihempu hekta inachukua kilo 30 mpaka 40 ukimwaga, nusu eka ni kilo 6 mpaka 8. Pitisha reki juujuu ifukiwe sentimita 2 tu, na lile gamba livunje kabla hujamwaga, lisipovunjwa mbegu zitaoga tu na maji yatazisomba mpaka kwenye mfereji.